Vyembe vya greini 100 kwenye mishale yangu ya kaboni

Mwaka mzima niliulaumu mkono wangu. Kwenye meta 30 mishale ilikaa pamoja, lakini nikirudi nyuma hadi meta 50, upepo kidogo tu, inatawanyika. Siku moja kocha akaulaza mshale wangu juu ya kidole chake, akautafutia mahali pa kutulia bila kuinama, akasema, "Huu ni mwepesi mbele. Badilisha chembe, hiyo ncha ya mbele."

Nikaagiza vyembe vya chuma vya kukaza kwa skrubu: kumi na viwili vya greini 100 (gramu 6.5 hivi) na vichache vya 125. Vya zamani vilikuwa vya 75.

Wano langu, yaani mwili wa mshale, lina sentimita 74, kuanzia ugwe wa upinde unapoingia hadi lilipoishia wano lenyewe. Katikati ni 37. Kwa chembe cha zamani mshale ulitulia kwenye 43.7, yaani sentimita 6.7 mbele ya katikati. Gawanya kwa 74, unapata asilimia 9, kipimo cha jinsi uzito ulivyoegemea mbele. Cha greini 100 kilinipa karibu 12, na cha 125 kikapita 14.

Hivi vya 100 nimevipenda mno! Uzito ukisogea mbele, manyoya yanakuwa mbali zaidi na mahali pa mizani, kwa hiyo yanapata nguvu ya kuunyoosha mshale mapema. Sasa kwenye meta 50 mishale sita inaingia kwenye duara jekundu la shabaha hata upepo ukipiga ubavuni. Inashuka zaidi, kweli, nami nimeshusha kilengeo.

Vya 125 havikunifaa. Chembe kizito hulifanya wano lipinde zaidi ugwe unapolisukuma. Nilijaribu mshale usio na manyoya kwenye meta 18 (navuta kwa mkono wa kulia): wa 75 ulichoma kushoto mwa wenzake wenye manyoya, wa 100 ukakaa nao, wa 125 ukaenda kulia kabisa. Wano langu ni laini mno kwa uzito huo.

Kilichoniudhi ni kwamba kwenye mzani wa sonara, viwili kati ya kumi na viwili vilipungua gramu 0.2, sawa na greini 3. Muuzaji alijibu kuwa ni kawaida. Mimi sikubali, mtu analipia uzito ulioandikwa kwenye paketi. Nimevitenga viwe vya mazoezi ya karibu.

Nyota nne. Ukivinunua, vipime kimoja kimoja kabla ya kuvikaza.