Mfano wa dunia wa sentimita 30: ndani sawa, ganda linapotosha

Ni ule mpira wa povu jeupe gumu, kama lile linalofungia televisheni kwenye boksi. Kipenyo chake ni sentimita 30, umekatwa robo ili matabaka yaonekane, na unakuja na stika za majina pamoja na stendi. Niliuagiza Dar kwa sh. 65,000 bila nauli ya mzigo, ukafika Kigoma bila kuchubuka. Naufundishia Jiografia.

Sifa yake kubwa ni vipimo vya ndani. Gawanya nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,371, kwa sentimita 15, utapata kama kilomita 425 kwa kila sentimita. Ukiweka rula, kiini cha ndani kinatakiwa kusoma sentimita 2.9 kutoka katikati, kiini cha nje 5.3, na koti (tabaka nene lililo kati ya kiini na ganda) pamoja na ganda 6.8. Huu unapishana kwa milimita mbili tatu tu. Chati nyingi za ukutani hukuza kiini cha ndani ovyo, wakati hakifiki hata asilimia 1 ya ujazo wa dunia.

Kwenye ganda ndipo walipoharibu. Limewekwa unene wa milimita 8, sawa na kilomita 340! Ganda la bara kwa kawaida ni kilomita 30 hadi 50, yaani milimita moja hivi hapa. La chini ya bahari ni kama kilomita 7, halifikii robo ya milimita. Ziwa Tanganyika lenyewe, na kina chake cha mita 1,470, lisingetoboa hata rangi ya juu. Mimi nimechora kwa kalamu mstari milimita mbili na nusu kutoka juu: hapo ndipo linapoishia bamba, yaani ganda pamoja na sehemu ya juu ya koti, kama kilomita 100. Bila mstari huo Bonde la Ufa halielezeki, maana kinachopasuka ni bamba zima.

Halafu koti limepakwa nyekundu ya moto, na wanafunzi wanajibu kwamba ni uji wa lava. Hapana. Ni mwamba mgumu unaojongea sentimita chache kwa mwaka. Kimiminika ni kiini cha nje, chuma na nikeli, ndiyo maana mawimbi S ya tetemeko, yale yanayotikisa kwa upande na kupita kwenye vitu vigumu tu, hayapiti humo. Kiini cha ndani ni kigumu; Inge Lehmann, mwanasayansi wa matetemeko kutoka Denmark, alikigundua mwaka 1936 kwa kusoma mawimbi P, yale ya kusukuma na kuvuta yanayopita hata kwenye kimiminika.

Ukitaka kupaka upya, chukua rangi ya maji. Mimi nimeweka kijani, kwa kuwa olivini, madini yaliyojaa koti la juu, ni ya kijani. Rangi ya mafuta yenye thina hula povu likabaki mashimo, na gundi ya viatu vilevile. Stika zikibanduka, na zitabanduka, tumia gundi nyeupe ya seremala, ukandamize usiku kucha. Usiuweke dirishani: jua huligeuza povu la njano na kulifanya limeguke.