Kuvua trauti Aberdare: nyota nne, na ya kwanza ni ya renja

Wengi wakisikia kuvua samaki Kenya wanawaza mbuta wa Ziwa Victoria ama tilapia wa Naivasha, kumbe huko juu Aberdare, milima ya Kenya ya kati, kwenye vijito vya maji baridi karibu mita 3,000, kuna trauti, na ukishalipa kiingilio cha mbuga na ukawa na leseni unaruhusiwa kuwavua. Nimetoka huko majuzi na bado naiongelea kila mahali, kwa hivyo wacha niiandike vizuri kwa yeyote anayefikiria kwenda.

Nililala Fishing Lodge ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), iko ndani ya mbuga upande wa geti la Kiandongoro ukitokea Nyeri. Ni nyumba za kujipikia, kuna mahali pa kuwasha moto wa kuni na utauhitaji kweli kweli maana baridi ya usiku huko haina huruma. Beba chakula chote kutoka mjini. Barabara ni ya udongo, mvua ikinyesha inateleza vibaya, gari dogo usijaribu. Malazi yako sawa, mimi kilichonipeleka ni mto.

Trauti si wenyeji wa huku. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye aliyewaleta mwaka 1905, trauti wa kahawia kutoka Loch Leven kule Scotland, wakawekwa mto Gura na wakashika, halafu baadaye wakaja wale wenye mstari wa waridi ubavuni, sasa wote wako Aberdare na Mlima Kenya. Trauti anataka maji baridi yanayokimbia, yenye hewa nyingi, ndiyo maana ukiteremka kwenye joto humpati tena. Na havuliwi kwa minyoo huku, ni kwa flai tu, yaani mdudu bandia wa manyoya na uzi aliyefungwa kwenye ndoano ndogo sana. Hapa lazima niseme jambo moja ambalo linaniuma: Kenya imekuwa ikifunga flai na kuziuza nje kwa miaka mingi sana, wavuvi wa Uingereza na Marekani wanazitumia kila siku, halafu sisi wenyewe tunaagiza za ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Zangu zilifungwa Nairobi, zilikaa vizuri kwenye maji, uzi haukufumuka hata baada ya kukwaruzwa kwenye mawe siku nzima, na ile nyeusi inayoitwa Kenya Bug ndiyo iliyonipatia samaki wengi kuliko zote. Nunua za mafundi wetu tafadhali.

Ufito ndio ulinisumbua. Duka nililokodi vifaa (silitaji jina) walinipa ufito mrefu wa kuvulia bwawani na gambuti ndefu inayovuja mguu wa kushoto, nikiwapigia simu wananiambia eti ndivyo vifaa vilivyo. Vijito vya Aberdare ni vyembamba, vichaka vimeinama pande zote mbili, ukirusha mshipi nyuma unanasa kwenye matawi, kwa hivyo omba ufito mfupi na uujaribu mkononi kabla ya kulipa. Trauti naye anakaa akiangalia maji yanakotoka, anangojea chakula kimjie, ndiyo maana unapanda mto ukimtokea kwa nyuma, umeinama, kivuli chako kisiguse maji. Akiona kivuli tu basi, ameingia chini ya jiwe na hatoki.

Sasa renja. Huyu ndiye hasa unamhitaji na naomba mtu asijaribu kuokoa pesa hapa. Mto ukipiga mawe kwa nguvu nyati hakusikii ukija, na wewe humsikii akitafuna majani hatua chache mbele yako, na kwenye vichaka vile hakuna pa kukimbilia. Afande wetu alitangulia na bunduki begani, anakohoa kwa sauti, anagonga shina la mti, anainama kupima kinyesi kwa nyuma ya mkono aone kama bado kina joto. Kwenye kona moja nikiwa nimeshaona trauti mzuri kabisa pale chini ya mzizi, akanishika bega, "Mkubwa, kunja mshipi, turudi polepole." Mimi sikuwa nimeona chochote. Tulipofika juu ndipo akaninyoshea kidole, ng'ambo ya maji kati ya mianzi kulikuwa na masikio ya ndovu, mama na mtoto wake, wametulia tu wanakula. Tukakaa pale juu mpaka wakaondoka, na sikujali samaki hata kidogo.

Nimewahi kuzunguka Aberdare kwa gari na nilidhani naijua. Ukiwa kwenye gari unaona ngiri na nyati wa kando ya barabara, lakini mtoni unaenda polepole sana na umenyamaza, mpaka vitu vinaanza kujitokeza. Maganda ya kaa yaliyovunjwa juu ya jiwe, afande akasema hapo fisi maji amekula asubuhi. Mdiria mkubwa aliyekaa kwenye tawi juu ya maji akivua pale pale nilipokuwa navua mimi, tena kwa ufanisi zaidi. Bata weusi wawili wakipanda mkondo mkali. Mbega juu ya miti na ile mikia yao myeupe, na jioni tukirudi mondo mweusi tii akakatiza mbele yetu, huku juu wapo wa rangi hiyo na afande alisema hata yeye hawaoni mara nyingi.

Samaki wenyewe niwe mkweli ni wadogo, wengi hawazidi kiganja, kwa hivyo anayetaka samaki wa kupiga naye picha ameshikilia kwa mikono miwili atasikitika. Wadogo niliwarudisha (lowesha mkono kwanza ndipo umshike, mkono mkavu unamtoa ule ute unaomkinga), mmoja mkubwa kidogo nikamkaanga kwa siagi na ndimu na sikuhitaji kitu kingine. Ukipata muda pitia Karuru, maporomoko ya mita 273 yanayoshuka kwa ngazi tatu, utapumzisha mgongo.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya vifaa vya kukodi. Usiende Machi mwishoni hadi Mei, mvua inageuza mto kuwa tope na trauti haoni flai hata ukimwekea puani. Januari na Februari maji yanakuwa safi, ila anza mapema, ukungu ukishuka mchana renja atakurudisha na atakuwa amefanya sawa.