Kamusi ya simu ilipokutana na neno bodeful

Kwa miezi mitatu sasa, hapa Wete, nimekuwa nikiitumia programu moja ya kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili katika kazi yangu ya kufasiri hadithi fupi. Kwa maneno ya kila siku sina lawama nayo: hufunguka upesi, haihitaji intaneti, na maandishi yake husomeka hata juani. Iliniangusha nilipofika penye neno bodeful.

Neno hili ni adimu. Waingereza wenyewe hulikuta vitabuni zaidi kuliko katika mazungumzo, ambamo wamezoea kusema ominous. Programu ilinipa jibu moja tu, "-a kutisha", bila ya mfano wala maelezo. Jibu hilo linapotosha, kwa sababu kinachotisha hutisha papo hapo, ilhali kinachoitwa bodeful huenda chenyewe hakina dhara lolote, ila kimetangulia kuleta habari ya shari iliyo njiani. Asili yake ni kitenzi bode, ambacho katika Kiingereza cha kale kilikuwa na maana ya kutangaza, na mjumbe aliitwa boda. Ndiyo maana sifa hii huvishwa wingu, ndoto au ukimya. Mimi nilikuwa na ukimya uliotanda kabla ya dhoruba, nikaandika "kimya chenye kuashiria shari".

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili hakikupungukiwa hapa. Mtoto akijinyoosha kitandani na kujifunika shuka gubigubi mithili ya maiti, mama humkemea: "Usilale hivyo, uchuro huo!" Mtoto hajadhurika, na shuka ni shuka tu, lakini ishara ndiyo inayoogopwa. Tuna pia ndege mbaya, yaani dalili ya mkosi, na jambo la kupendeza ni kwamba Kiingereza nacho kina inauspicious, neno lililotoka katika desturi ya Warumi ya kuagua kwa kutazama ndege. Nililitafuta hilo pia, nikapewa "bila bahati", na ndege wote wakawa wameruka.

Kwa mwanafunzi anayetaka maana ya haraka, programu hii inafaa na bei yake ni ya haki. Mfasiri asiitegemee peke yake mpaka watengenezaji watakapoweka, kwa kila neno adimu, walau sentensi moja ya mfano. Yangu sijaifuta, lakini kamusi ya karatasi imerudi mezani.