Mashine ya kunakshi ya 3018: mafuta yaliyonikwamisha na mafuta yaliyoniokoa

Mashine hii ndogo ya kunakshi inayoongozwa na kompyuta, ambayo viwanda vingi vya China huiuza kwa jina la 3018 kwa kuwa eneo lake la kazi ni milimita 300 kwa 180, imekaa katika karakana yangu ya pwani kwa miezi kumi na minne. Naitumia kuchonga vibao vya majina ya milangoni, visahani vya kubandikwa kwenye vikombe vya washindi na lebo za masanduku ya umeme. Kwa bei yake, na kwa mtu anayefanya kazi ndogondogo, naiona ni mashine nzuri. Lakini kijitabu chake cha maelekezo hakisemi neno hata moja kuhusu vilainishi, na hapo ndipo nilipoharibu biti (vyuma vyenye makali vinavyozunguka na kukata) nyingi na sahani nyingi zaidi za wateja.

Matatizo yalianza na alumini. Herufi zilitoka na kingo zenye ndevu, mlio wa mota ukawa mkali, kisha ncha ya biti ikakatika. Nilibadilisha biti tatu nikidhani kwamba nimeuziwa bidhaa duni, hadi nilipoichunguza ya nne kwa lenzi na kuona tonge dogo la alumini limeganda kwenye makali. Alumini ni laini na hunata. Ikipata joto kwenye ncha ya biti hujishikiza hapo, na kuanzia wakati huo si chuma cha biti kinachokata tena, bali ni alumini inayoparuza alumini. Matone machache ya mafuta ya taa, yakipakwa kwa brashi kabla ya kila mpito, yaani kila mara biti inapopita juu ya kazi, yaliondoa tatizo hilo siku hiyohiyo na mfereji wa herufi ukatoka unang'aa. WD-40, kile kilainishi cha kupulizia, nayo hufanya kazi hiyo vizuri. Lililobaki ni kuiosha sahani kwa sabuni kabla ya kujaza rangi, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta.

Wapo mafundi wanaopendelea spiriti kwa kuwa hukauka bila kuacha doa. Mimi siishauri kwa mashine hii, kwa sababu mota yake ni ya brashi za kaboni, nazo hutoa cheche sentimita chache tu juu ya mahali mvuke wa spiriti unapopanda. Mafuta ya taa nayo huwaka, ingawa hayatoi mvuke kwa haraka hivyo, basi yatoshe matone tu na kitambaa kilicholowa kisiachwe mezani. Kuhusu yale mafuta yanayochanganywa na maji yakawa meupe kama maziwa, yanafaa kwa mashine kubwa zenye pampu na beseni la kukusanyia. Hapa hakuna beseni, bodi ya umeme iko wazi nyuma, na ubao wa MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) unaowekwa chini ya kazi huvimba ukilowa.

Hata hivyo, kuna kosa ambalo hakuna mafuta yatakayolitibu, nalo ni mwendo wa woga, yaani kuisogeza biti polepole mno. Mota ya mashine hii huzunguka takriban mara 10,000 kwa dakika. Nilipoiwekea mwendo wa milimita 100 kwa dakika nikitumia biti ya jino moja, kila mzunguko ulikuwa unakata milimita 0.01 tu, yaani biti ilikuwa inasugua zaidi ya kukata, na msuguano ndio unaoleta joto. Niliongeza mwendo hadi milimita 300 na kupunguza kina cha kila mpito hadi milimita 0.1, na biti zikaanza kudumu.

Dosari nyingine iliyonipotezea muda ni mistari kuwa mipana upande mmoja wa sahani na myembamba upande wa pili. Si ubutu wa biti. Biti iliyochongoka kwa pembe ya nyuzi 30 yenye ncha ya milimita 0.1 huchora mstari wa milimita 0.2 ikizama milimita 0.2, na ikizama milimita 0.4 mstari hufikia 0.3, kwa hiyo ubao uliopinda kidogo sana, kwa kiasi ambacho jicho halikioni, huonekana waziwazi kwenye herufi. Dawa yake ni kuusawazisha ubao kwa mashine yenyewe, kwa biti pana, kabla ya kufunga kazi.

Sasa nije kwenye mafuta ya mashine yenyewe, ambayo hayapaswi kuchanganywa na yale ya kukatia. Skurubu ndefu zinazosukuma meza nilizipulizia kilainishi cha kopo, kingi, nikiamini natenda jema. Baada ya wiki moja vumbi la MDF lilikuwa limenaswa humo na kugeuka uji mzito, nati zikakaza, na mota ndogo zinazozungusha skurubu hizo zikaanza kuruka hatua, yaani kushindwa kuzizungusha kwa kiasi zilichoamriwa. Mota hizo hazina njia ya kujua kwamba zimekwama, hivyo mashine iliendelea kuchonga kwa utulivu huku nusu ya jina la mteja imesogea milimita mbili kando. Nilisafisha kila kitu, nikapaka skurubu grisi nyepesi ya lithiamu kwa mswaki wa zamani, na fito za chuma ambazo meza huteleza juu yake nikazipaka mafuta ya cherehani na kuyafuta hadi ukabaki utando tu. Kwa hewa yetu ya chumvi, fito hizo zikikaa wiki mbili bila kufutwa huanza kuota vidoa vya kutu.

Akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, haitaki mafuta yoyote, na spiriti huipasua nyufa ndogondogo. Upepo wa pampu ya baiskeli unatosha kuondoa machenga. Shaba ya njano huikata kavu.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Atakayekata alumini mchana kutwa atafute mashine nzito zaidi yenye mota ya nguvu. Atakayechonga vibao kumi kwa wiki aichukue hii, na aongeze kwenye kapu lenzi, biti za jino moja, kopo la grisi na brashi mbili, moja ya mafuta ya kukatia na nyingine ya kufagilia, wala zisibadilishane kazi.