Jezi ya kuvaa mtaani ukiishi nje: ipi ununue, ipi uiache

Kwenu jezi ni nguo tu. Ukiishi nchi ya watu, jirani anakujua kwa jezi kabla hajakujua kwa jina, mtu usiyemfahamu anakusalimia kwenye treni, na siku nyingine mlinzi wa baa anakuzuia mlangoni. Ndiyo maana ushauri uliozoeleka, wa kupima kitambaa na bei, haumtoshi mtu mzima anayeishi ughaibuni. Hapa nimezipanga kwa swali moja: ni jezi gani utaivaa mara nyingi, mahali pengi, bila kulazimika kujieleza kila kona? Ubora wa kitambaa nimeuangalia pia, ila unakuja baadaye.

1. Jezi ya timu ya taifa, toleo la mashabiki

Hii, yaani ile inayouzwa kwa mashabiki na si ile wanayochezea wachezaji, naiweka juu, na sababu kubwa ni kifua chake. Kanuni za FIFA haziruhusu tangazo la mdhamini kwenye jezi za mechi za timu za taifa, kwa hiyo unachokivaa ni nembo, rangi na labda namba. Mtu mzima aliyevaa jezi safi ya namna hii, juu yake koti la kawaida na chini suruali ya jinzi, anaingia karibu popote. Weka tangazo kubwa la kampuni ya kamari kifuani, na mtu huyohuyo anaonekana ametoka kwenye promosheni.

Sababu ya pili ni kwamba inakuepusha na ugomvi wa watani wa jadi. Mwenyeji akiiona anakuuliza kuhusu kwenu, na mara nyingi anaanza yeye kwa kutaja mchezaji mmoja anayemkumbuka. Ukitoka nchi ambayo habari zake hufika nje kwa ubaya tu, mazungumzo ya aina hiyo yana thamani.

Na usidhani lazima nchi yako iwe bingwa. Jezi ya Nigeria ya Kombe la Dunia 2018, ile ya kijani ya Nike yenye michoro ya mabawa meusi na meupe mikononi, ilifanya watu wapange foleni dukani London, na iliripotiwa kwamba oda zake zilifika milioni 3 kabla haijaanza kuuzwa. Wengi walioivaa hawakuwa Wanigeria. Kameruni nao mwaka 2002 walicheza Kombe la Mataifa ya Afrika na jezi ya Puma isiyo na mikono. FIFA ikaikataa kwa Kombe la Dunia, wakashonewa mikono myeusi, na hadi leo kuna watu ambao hawakumbuki matokeo ya Kameruni kwenye mashindano yale lakini jezi wanaikumbuka.

Kuna faida nyingine ya mfukoni: jezi za taifa kwa kawaida hukaa karibu miaka 2 kabla ya kubadilishwa, wakati klabu kubwa hutoa mpya kila msimu.

Siku moja tu uiache kabatini: ile ambayo timu yako inacheza na wenyeji wako, na wewe unapanda basi lao kurudi nyumbani. Ukiivaa hata hivyo na timu yako ikashinda, kaa nayo chini ya koti mpaka ufike.

2. Jezi ya klabu ndogo ya mtaa unaoishi

Watu wengi hawaifikirii hii kabisa, na mimi nusura niipe namba moja. Jezi ya taifa inamwambia mwenyeji ulikotoka. Hii inamwambia kwamba umefika. Anayekuona nayo haulizi habari za kwenu, anauliza kama Jumamosi utakuwepo uwanjani.

Kila mji mkubwa una klabu ya namna hii pembeni ya zile zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Madrid kuna Rayo Vallecano, jezi nyeupe yenye mshazari mwekundu, timu ya mtaa wa Vallecas. Kusini mwa London kuna Dulwich Hamlet, pinki na bluu nyeusi, rangi ambazo huwezi kuzichanganya na za mtu mwingine. Hamburg kuna St. Pauli wa kahawia na nyeupe. Berlin kuna Union, ambao mashabiki wao waliingia kazini kwa mikono yao kuukarabati uwanja mwaka 2008 na 2009. St. Pauli na Union si wadogo tena, lakini bado jezi zao zinasomeka kama za mtaa.

Nunua kwenye duka la klabu lenyewe, siku ya mechi. Kwanza pesa inabaki pale pale. Pili utakuwa umeiona timu ikicheza, na huna haja ya kudanganya ukiulizwa. Masharti ni mawili: ujue mtani wao ni nani, na usinunue kwa sababu bosi wako anaishangilia. Watu wanalinusa hilo haraka.

3. Jezi za zamani

Hizi ndizo zinazomfaa zaidi mtu aliyevuka miaka 35. Uholanzi ya 1988 yenye michoro ya pembe juu ya rangi ya chungwa, waliyobebea Kombe la Ulaya. Ujerumani Magharibi ya 1990 yenye utepe wa rangi za bendera kifuani. Arsenal ya ugenini ya 1991 hadi 1993, ya njano yenye michirizi myeusi, ambayo wakati ule ilichekwa na leo inatafutwa kwa udi na uvumba. Hakuna anayekuuliza kwa nini unashabikia timu inayofungwa, kwa sababu jezi yako haihusu msimu huu.

Sokoni utakutana na aina tatu, na muuzaji mjanja atazichanganya makusudi. Ipo ya awali, iliyotengenezwa mwaka ule na ikavaliwa na mtu. Ipo iliyotolewa upya kwa leseni ya klabu, mara nyingi ya pamba au kitambaa laini, mpya kabisa. Na ipo ya kuigiza. Ukitaka ya kuvaa, chukua ya leseni. Ukitaka ya kutunza, nunua ya awali kwa wauzaji wanaojulikana kwa kazi hiyo, kama Classic Football Shirts walioanzia Manchester mwaka 2006, na uombe picha ya lebo ya ndani, ya nembo na ya maandishi ya kifuani kwa karibu. Maandishi ya zamani hupasuka, na yakishapasuka hayarudi.

Angalia pia mdhamini wa enzi hizo. Liverpool walivaa jina la bia ya Carlsberg kuanzia 1992 mpaka 2010. Kama unaishi katika nchi au nyumba ambayo pombe ni jambo zito, jezi nzuri itakaa sandukuni. Si jambo la kulichukulia kirahisi: mwaka 2006 Frédéric Kanouté wa Sevilla alikataa kuvaa tangazo la kamari kifuani kwa sababu ya dini yake, na yeye alikuwa analipwa kuivaa jezi ile.

4. Jezi ya klabu kubwa, toleo la mashabiki

Ndiyo inayonunuliwa na wengi, na ndiyo yenye mitego mingi ukiwa nje. Haijashuka mpaka hapa kwa ubaya wa kitambaa. Kitambaa chake kinafaa mtaani: kipana kidogo, nembo imeshonwa kwa uzi, haichuniki.

Mtego wa kwanza ni mji wenyewe. Glasgow, kijani na nyeupe ya Celtic na bluu ya Rangers si mapambo. Zimebeba historia ya dini na siasa, na hata jezi ya timu nyingine yenye rangi hizo inaweza kukuletea maswali. Istanbul, jezi ya Galatasaray mitaa ya Kadıköy, nyumbani kwa Fenerbahçe, ni uchokozi. Argentina ilifika mahali pa kuwazuia mashabiki wa ugenini kuingia viwanjani mwaka 2013. Uingereza utakuta baa zenye tangazo mlangoni siku ya mechi kwamba rangi za timu haziruhusiwi, na mlinzi hajali kama wewe ni mgeni. Katika miji ya hivi, jezi ya timu ya nchi ya tatu ni salama kuliko ya timu yoyote ya pale.

Mtego wa pili ni mdhamini. Hispania na Italia zilishapiga marufuku matangazo ya kamari kwenye jezi, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Jezi za misimu iliyopita zenye matangazo hayo zitaendelea kuuzwa kwa punguzo. Sura ya bei ni nzuri. Jiulize kama utaivaa kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Ukiwa na mwili mdogo, jaribu saizi kubwa ya watoto, kwa kuwa klabu za Uingereza haziweki kamari kwenye jezi za watoto.

Mtego wa tatu ni namba, na huu mgeni hauoni kabisa. Watu hupenda kuandikisha mwaka wa kuzaliwa mgongoni. Kama ni 1988, acha. Barani Ulaya 88 hutumiwa na wafuasi wa Wanazi, kwa kuwa H ni herufi ya nane na HH ni kifupi cha "Heil Hitler", na Italia mwaka 2023 iliiondoa namba hiyo kwa wachezaji. Aprili 2024 Adidas wenyewe walisimamisha jezi ya Ujerumani yenye namba 44 kwa sababu maumbo ya tarakimu zile yalifanana na alama ya SS, kikosi cha Wanazi. Hukuwa na nia mbaya, lakini huwezi kumweleza kila mtu kwenye foleni.

Kuhusu jina, mimi nasema mgongo mtupu. Ukilazimika, andika la mchezaji aliyestaafu, maana huyo hatahama dirisha la usajili la Januari. Jina lako mwenyewe linavumilika siku ya kuzaliwa tu. Tena katika nchi za Umoja wa Ulaya bidhaa iliyotengenezwa kwa maelekezo yako haimo kwenye haki ya siku 14 za kurudisha ulichonunua mtandaoni, kwa hiyo saizi ikikosea umebaki nayo.

5. Fulana za polo, za mazoezi na makoti ya timu

Zinaingia ofisini, ndiyo sifa yake. Koti la kuingilia uwanjani ni zuri kwa nchi za baridi kuliko jezi yoyote hapa, na nembo ndogo haimkeri mtu. Basi.

6. Toleo la wachezaji

Adidas huiandika Authentic, Nike huiita Match na ya mashabiki Stadium. Ni nyepesi, imebana, ina matundu ya hewa, na nembo yake imebandikwa kwa joto. Imetengenezwa kwa mwanariadha anayekimbia dakika 90 kisha akapewa nyingine mpya. Wewe utaifua kila wiki, na nembo za kubandika huanza kunyanyuka pembeni. Tumbo nalo halifichiki. Ukiitaka kwa kucheza, inunue, na uongeze saizi moja. Kwa kuvaa mtaani unalipa zaidi upate nguo inayodumu kidogo.

7. Feki

Nyingine siku hizi zimeshonwa vizuri kiasi kwamba mtu wa mbali hatambui. Tatizo ni kwamba mgeni ndiye wa mwisho anayepaswa kubishana na forodha. Kifurushi kinaweza kutaifishwa mpakani, na Ufaransa na Italia zinaweza kumtoza faini hata mnunuzi. Kujihakikishia, tafuta lebo ndogo ndani ya jezi yenye namba ya bidhaa, uiandike kwenye intaneti: inapaswa kuleta jezi hiyohiyo, rangi hiyohiyo, msimu huohuo. Ikileta viatu, umejibiwa.

Wakati wa kununua, na baada ya hapo

Klabu nyingi za Ulaya hutoa jezi mpya kati ya Mei na Agosti, na ya msimu unaoisha hushuka bei wakati huohuo. Kwa mtu mzima jezi ya msimu uliopita haina kasoro yoyote. Anayejali kwamba imepitwa ni mtoto wa miaka 12. Ukiagiza kutoka nchi nyingine, hesabu kodi kwanza: Umoja wa Ulaya ulifuta Julai 2021 msamaha wa VAT kwa vifurushi vya thamani ndogo, na msafirishaji huongeza ada yake juu ya kodi. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali kwenye duka la nchi unayoishi ndiyo inayotoka nafuu.

Ikifika, ifue ikiwa imegeuzwa ndani nje, maji yasizidi nyuzi 30, bila dawa ya kulainisha nguo, maana huziba kitambaa na kubakiza harufu ya jasho. Usiiweke kwenye mashine ya kukaushia, na pasi isiguse maandishi.