Miami Beach ikienda Tallahassee, makao makuu ya jimbo la Florida: iombe pampu za mafuriko au ilinde mamlaka yake ya kujitungia kanuni?
Kikao cha kawaida cha Bunge la Florida ni siku 60 tu, hivyo mji hauwezi kubisha kila mlango.

Fedha za mafuriko zina mvuto. Bamvua la Oktoba likiingia, maji ya chumvi hububujika kwenye mitaro ya barabarani hata jua likiwaka. Mbunge gani atabisha? Resilient Florida, mpango wa jimbo wa 2021 wa fedha za kukabili mafuriko, upo kwa kazi hiyo. Ila gavana anaweza kulifuta fungu kwa kalamu.

Mamlaka hayapigwi picha. Lakini tangu 2011 jimbo limezuia miji kupiga marufuku nyumba za kupangisha wageni kwa muda mfupi, isipokuwa yenye kanuni za zamani. Mimi ningeanza na mamlaka: pampu huombwa tena mwakani, sheria ikishapita kuing'oa ni shughuli.