Uchambuzi wa kitabu: Maisha ya Frances Ridley Havergal, mtunzi wa "Twae Wangu Uzima"

Karibuni watazamaji wangu, na leo hasa ninyi wanakwaya. Kitabu ninachokichambua ni cha zamani: maisha ya Frances Ridley Havergal, kilichoandikwa na dada yake Maria na kutoka 1880, mwaka mmoja tu baada ya Frances kufariki. Hakimiliki yake imekwisha siku nyingi, kwa hiyo kinasomeka bure mtandaoni. Mimi nimekisomea kwenye simu.

Frances alizaliwa 1836 Astley, Uingereza, binti wa mchungaji aliyekuwa pia mtunzi wa muziki. Alisoma Ujerumani kwa muda, akajua Kigiriki na Kiebrania, akapiga piano vizuri sana. Mwili wake ndio uliomsumbua, maradhi hayakumwacha, na alifariki akiwa na miaka 42.

Uzuri wa kitabu hiki ni barua zake. Kuna ile ya Februari 1874. Alikuwa mgeni wa siku tano katika nyumba yenye watu kumi, wengine hawajaokoka, wengine wameokoka lakini hawana furaha. Akamwomba Mungu ampe wote. Usiku wa mwisho, wote wakiwa wamebadilika, furaha ilimnyima usingizi, na mistari ikaanza kumjia miwili miwili hadi wimbo ukakamilika. Ndio huo tunaouimba kwenye Tenzi za Rohoni, "Twae Wangu Uzima".

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo kitabu kiliponishika. Wimbo ule una ubeti wa kumtolea Bwana fedha na dhahabu. Miaka minne ikapita. Agosti 1878 anamwandikia rafiki yake kwamba ubeti ule umemgeukia yeye mwenyewe: anafungasha vito vyake, karibu 50, pamoja na kisanduku cha thamani kubwa, vyote viende kwa wamisionari wa CMS, shirika la umisionari la Kanisa la Anglikana. Alibakiza vichache, vikiwemo vya kumbukumbu ya wazazi wake. Anasema hajawahi kufunga sanduku kwa raha kama ile. Na CMS ndio hao hao waliokuwa wameanzisha Freretown, pale Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Niliposoma hayo nilinyamaza kidogo, kwa sababu ubeti huo nimeuimba tangu utotoni.

Upungufu upo. Maria anampenda mno mdogo wake, kwa hiyo udhaifu wa Frances hauonekani ila pale anapoukiri mwenyewe kwenye barua. Kiingereza chake ni cha kale, na kurasa za safari za Uswisi zinachosha. Ukikwama mwanzoni, ruka hadi mwaka 1873, utarudi nyuma baadaye.

Mimi nakipendekeza kwa moyo wote. Na wewe mwalimu wa kwaya, kabla hujagawa sauti za wimbo huu, wasomee waimbaji wako ile barua ya vito. Kiungo cha kitabu nimekiweka hapo chini.